Siku moja maishani mwangu: dagaa wa Kibirizi na mkaa wa Uvinza

Saa 10 na nusu alfajiri. Nalifunga daftari la fizikia kwenye kipande cha turubai lisilowe, nalitia kwenye beseni, natoka. Shangazi ameshatangulia. Kutoka nyumbani Gungu mpaka mwalo wa Kibirizi tunakwenda kwa miguu, na njia nzima narudia moyoni swali lililonishinda jana.

Ninarudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana ni dagaa, jioni ni masomo, na kwa wiki mbili sasa niko kwenye unururifu, yaani atomi zinazovunjika zenyewe na kutoa miale, hasa hesabu za nusumaisha: muda ambao nusu ya atomi za kitu kinururifu huwa zimeshageuka kuwa kitu kingine.

Saa 11 na nusu. Mitumbwi inaingia. Usiku ulikuwa wa giza, taa zimewavuta dagaa vizuri. Mwezi ukijaa wavuvi hupumzika, na hizo ndizo siku zangu za kusoma mpaka mchana. Shangazi anapatana bei, mimi nabeba.

Saa 1 asubuhi tunaanika. Mikono inatandaza dagaa kwenye chanja, akili iko kwenye iodini-131. Nusumaisha yake ni siku 8. Ukiwa na gramu 80, baada ya siku 40 zimebaki ngapi? Nilijua 40 kugawa kwa 8 ni 5, yaani nusumaisha tano. Nikazidisha 5 kwa 2 nikapata 10, nikagawa 80 kwa 10, nikaandika gramu 8. Mwalimu alipiga mstari mwekundu, pembeni akaandika: "Kunja vidole."

Sasa nakunja, kimoja kila nusumaisha. 40. 20. 10. 5. Gramu mbili na nusu. Kila mara unachukua nusu ya kilichobaki, si nusu ya ulichoanza nacho, kwa hiyo 2 inazidishwa kwa 2 mara tano, na hiyo ni 32. 80 kugawa kwa 32 ni 2.5. Nimesimama katikati ya vichanja nikitabasamu, jirani ananisalimia kwa Kiha, "Mwakeye", mara ya pili ndipo nasikia.

Saa 4 tunageuza dagaa. Shangazi hatoi macho kwenye mawingu yaliyo upande wa Kongo, kwa sababu jua likijificha dagaa hawakauki, wataoza. Hapo ndipo somo hili linaponishangaza kuliko yote. Dagaa wanangoja jua, maji yanangoja moto, lakini kiini cha atomi hakingoji chochote. Kipashe moto, kizamishe ziwani, kifukie ardhini, kasi yake ni ileile. Ndiyo maana kinafaa kuwa saa.

Saa 7 ugali wa muhogo na mgebuka. Saa 9 na nusu dagaa wamekauka, tunajaza magunia.

Saa 11 jioni niko Mwanga, kwa mwalimu mstaafu anayenifundisha barazani kwake. Baada ya shikamoo namuuliza lililonikera mchana kutwa: atomi moja inajuaje kuwa zamu yake imefika?

"Haijui," anasema. "Lete hiyo kopo."

Ndani mna vizibo vya soda 64. Tunavitikisa, tunavimwaga mkekani, tunaondoa vyote vilivyoangukia uso, vinavyobaki tunamwaga tena. Tulipata 64, 35, 16, 9, 4, 1. Si nusu kamili kila mara, lakini ni karibu. Kizibo kipi kitaondoka hakuna awezaye kusema. Vizibo vingi kwa pamoja vinatabirika, na atomi kwenye chembe moja ya mkaa ni nyingi kupita kiasi, basi utabiri wake unakuwa thabiti. Shuleni nilikaririshwa kanuni bila kuona kitu hiki, na nasema kwa dhati: kanuni ingefuata vizibo, wengi tusingeiogopa.

Kisha, kwa maneno tu, akanipeleka Uvinza. Miaka ya 1960 wachimbaji wa mambo ya kale walichimba kwenye chemchemi za chumvi pale, na vipimo vya kaboni iliyomo kwenye mkaa vikaonyesha watu walikuwa wakichemsha chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Willard Libby wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Miale itokayo angani huzalisha kaboni-14, yaani kaboni yenye unururifu, huko juu hewani, mti unaivuta pamoja na hewa, na ukifa hauvuti tena. Iliyomo inaanza kupungua, nusu kila miaka 5,730.

Nikauliza mbona Olduvai hawakuitumia kwa fuvu la kale alilogundua Mary Leakey mwaka 1959. Akaniambia nipige hesabu mwenyewe. Umri wa fuvu, miaka milioni 1.75, kugawa kwa 5,730 ni nusumaisha zaidi ya 305! Hapo hakuna kaboni-14 ya kupima. Kule walipima majivu ya volkano kwa potasiamu-40, ambayo nusumaisha yake ni miaka bilioni 1.25, na gesi ya agoni inayotokana nayo.

Saa 3 usiku, nyumbani, taa ya sola. Swali la kulala nalo, kwa namba aliyotunga mwalimu: mkaa umebaki na asilimia 83.4 ya kaboni-14. Una umri gani? Vidole havisaidii, maana hata nusu moja haijaisha. Nachukua jedwali la logi. 1 kugawa kwa 0.834, logi yake 0.0788. Logi ya 2 ni 0.3010. Ya kwanza kugawa kwa ya pili ni 0.2618: zaidi kidogo ya robo ya nusumaisha. Mara 5,730.

Miaka 1,500.

Namsomea shangazi. Amekaa jikoni akipanga kuni za kesho, anasikiliza mpaka mwisho.

"Miaka hiyo ni ya moto au ya mti?"

Nanyamaza kidogo. "Ya mti, shangazi. Tangu ile sehemu ya mti ilipoacha kupokea hewa."

"Basi gogo kuu moyo wake umezeeka kabla halijakatwa," anasema, akivunja kijiti. "Wapime vijiti vyembamba kama hivi."

Nimeliandika kwenye ukurasa wa kesho, juu kabisa, nimuulize mwalimu.