Hatua tisa, anageuka

Jumapili nimewapeleka wanangu kwenye bustani ya wanyama ya mtu binafsi. Tumerudi mapema, na mpaka sasa moyo haujatulia.

Simba dume, peke yake bandani. Anatembea hatua tisa, anageuka pale pale, anarudi hatua tisa. Nimemhesabia. Sehemu anayopita udongo umechimbika kama kijia cha kisimani, na manyoya ya bega yamenyonyoka kwa kusugua nondo. Binti yangu akaniuliza, "Baba, anatafuta nini?" Sikuwa na jibu.

Mwaka jana tulikuwa Mikumi, hifadhi ya kilomita za mraba 3,230. Simba tuliowaona kule walikuwa wamelala tu chini ya mti, maana simba huweza kulala hata saa 20 kwa siku. Lakini upepo ulipogeuka, majike wote wanne waliinua vichwa kwa pamoja. Mtoto mmoja akaacha kung'ata mkia wa mama yake, naye akatazama. Walikuwa na cha kusikiliza, na wenzao wa kusikiliza nao.

Huyu wa bandani alinguruma tukiwa tunaondoka. Ngurumo ya simba husikika hadi kilomita 8, ni namna yake ya kuwaita wenzake. Akanyamaza, masikio yamesimama, akingoja. Kilichoitika ni honi ya bodaboda barabarani.

Najua wapo waliookolewa wakiwa majeruhi, porini hawawezi kurudi. Basi wapewe nafasi, majani, kivuli, na wenzao. Hatua tisa jamani!