Mafuta ya Baba, Kinyozi wa Ngamiani

Mtu mwenye nywele za kipilipili akinyolewa ndevu kwa wembe hadi chini kabisa, unywele unabaki na ncha kali. Ukianza kuota tena unajikunja, unarudi na kuichoma ngozi ile ile ulikotoka. Hapo ndipo kinapotokea kipele. Akikikuna kinakuwa kidonda, akinyolewa tena juu yake kinaacha alama nyeusi shingoni isiyotaka kuondoka. Baba yangu hakusomea jambo hilo popote, lakini alilijua. Alinyoa watu Ngamiani, Tanga, tangu sijazaliwa, na shingo za wateja wake zilikuwa safi. Watu walisema ana mkono mwepesi. Mimi niliyekuwa nampelekea maji ya moto kila nikitoka chuoni najua kwamba mkono ulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kwenye chupa.

Alianza kwa kitambaa cha maji ya moto, akakiacha usoni mpaka ndevu zilainike. Wembe aliupeleka kule nywele zinakolala, hakuupandisha kinyume, na hakuivuta ngozi hata mteja akimwomba "mzee, toa zote kabisa." Akimaliza analowesha jiwe la shabu na kulipitisha taratibu palipochubuka. Kisha anachukua ile chupa, anamimina mafuta kidogo kiganjani, anayasugua mpaka yapate joto, ndipo anampaka mtu shingo na mashavu kwa viganja vyote viwili. Waliokaa kwenye kiti kile walikuwa makuli wa bandarini, madereva wa malori, walimu, na wale wazee waliokuja kubishana tu chini ya picha ya kikosi cha Coastal Union cha mwaka 1988, mwaka ambao Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa wa ligi. Wote waliinuka wakinukia namna moja. Baba alikuwa akisema uso wa mtu ni amana, amekukabidhi akiwa amefumba macho.

Alifariki wakati wa kaskazi, ghafla, baada ya swala ya alfajiri. Nilikuwa Dar es Salaam, nafanya kazi ya stoo kwenye duka la vipodozi Kariakoo, na nilifika Tanga watu wakiwa wameshajaa barazani. Sitayaeleza ya siku zile. Waliofiwa wanayajua.

Ninayotaka kuyaeleza yalianza siku ya arobaini. Dua ilikuwa imekwisha na sinia zilikuwa zinarudishwa jikoni, nikaitwa barazani na mzee mmoja aliyekuwa kuli enzi zake, mteja wa baba wa miaka mingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hivi yale mafuta ya baba yako, hayakubaki hata kidogo?"

Nilidhani anataka ukumbusho, kama wengine walivyoomba kofia au tasbihi yake. Akafungua kifungo cha kanzu akanionyesha shingo. Ilikuwa imejaa vipele kuanzia chini ya sikio mpaka kooni, vingine vimetunga usaha.

"Huyu kijana aliyemwacha ananyoa vizuri, simlaumu," akasema. "Lakini usiku silali kwa kuwashwa. Mjukuu wangu ameninunulia krimu ya kuondoa madoa. Inachoma."

Krimu yenyewe aliitoa mfukoni. Naijua aina ile. Kazini nilikuwa naona wanaume wanakuja kuulizia krimu kali za kufuta alama za ndevu, nyingine hazina hata maelezo ya kilichomo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na bado bidhaa za namna hiyo zinapita kwenye mifuko ya watu. Kumwona rafiki wa baba akijipaka kitu kile kwenye shingo ambayo baba aliitunza miaka yote kulinikasirisha kuliko nilivyokuwa tayari kukasirika katika siku ya arobaini.

Nikaenda kibandani. Yule kijana wa baba alinitolea chupa kutoka nyuma ya kioo. Ndani mlikuwa na mafuta ya kina cha kidole. Nikafungua kizibo, na harufu iliponifikia nikalazimika kukaa kwenye benchi la wateja. Nilipoweza kusema nikamuuliza, "Alikuwa anaweka nini?"

"Mafuta ya nazi na karafuu, dada. Vipimo sivijui. Mzee hakuandika kitu."

Usiku ule nikampelekea mama shauri langu. Alikuwa eda, amevaa nguo zisizo na pambo, hatoki nje, na hakukaribia manukato ya aina yoyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nazi nitakuonyesha kupika. Ya harufu mtayatafuta wenyewe, mimi sitanusa."

Asubuhi yake tulikaa uani, mimi kwenye mbuzi nakuna, yeye akikamua tui zito kwa kifumbu. Hakutaka tui la pili. Lile la kwanza tulilibandika kwenye moto wa kadiri, akanikabidhi mwiko na kunikataza kuondoka. Tui likichemka muda mrefu maji yanaisha, mafuta yanajitenga juu, na mashapo yanazama yakianza kubadilika rangi. Ukiepua mapema mafuta yanabaki na maji na yatachacha baada ya siku chache. Ukichelewa mashapo yanaungua na hiyo harufu ya kuungua haitoki tena. Mama hakutazama saa. Alisikiliza. Sauti ya mchemko ilipotulia akasema "epua," na mashapo yalikuwa na rangi ya asali.

Mafuta ya karafuu niliyanunua dukani, yale yanayokenekwa Pemba kwa makonyo na majani ya mkarafuu. Haya ni makali mno. Kiini chake, yujenoli, ndicho kile kile wanachotumia madaktari wa meno kutuliza maumivu, na ukiyapaka bila kuyachanganya yanaunguza ngozi. Kwa hiyo niliweka nusu mililita tu kwa kila mililita 100 za mafuta ya nazi, kama matone 10, nikakoroga, nikampelekea kijana wa baba anuse.

"Hapa nimekaa kwa daktari wa meno," akasema papo hapo. "Sipo kwa mzee."

Alikuwa sahihi. Nilizifungua chupa mbili pamoja, yangu na ya baba, na zilikuwa mbali. Yangu ilikuwa na ukali unaopanda puani. Ya baba ilikuwa pana, tamu kidogo, yenye kitu cha mti ndani yake. Tulikaa tukiitafuta mpaka kijana akakumbuka jambo ambalo kwake halikuwa na uzito wowote: mzee hakuwahi kununua mafuta ya karafuu, alinunua karafuu. Alikuwa na mtungi wa kioo aliouanika juu ya bati la kibanda asubuhi na kuuteremsha kabla ya magharibi, na yeye kijana ndiye aliyekuwa akitumwa kuupandisha.

Basi ilikuwa hivyo. Karafuu nzima, zilizokauka vizuri, zililowekwa kwenye mafuta ya nazi na kuachwa zipikwe na jua la Tanga taratibu. Mafuta yanachukua harufu bila kuchukua ukali wote. Nilirudi nyumbani nikimweleza mama kwa sauti kubwa tangu mlangoni, na yeye akiwa chumbani akaniuliza kupitia pazia, kana kwamba ananikumbusha chumvi:

"Na liwa je?"

"Liwa gani, mama?"

"Liwa yangu. Kila nikisaga ya kwangu baba yako alikuwa anakuja na kikombe. Kwani hukuwa unaona?"

Nilikuwa naona. Nilidhani ni mapenzi ya watu wazima, baba anapita jikoni kumchokoza mkewe anayesaga liwa, ule mti wa kunukia, ajipake uso. Mama hakuitaja mapema kwa kuwa liwa ni pambo, na pambo alikuwa ameliweka kando kwa sababu ya eda. Hata siku ile hakuigusa. Alikaa mbali kwenye mkeka akanielekeza mimi: saga kavu, usitie marashi wala maji, kwa sababu maji yakiingia kwenye mafuta yatafanya ukungu. Chukua kiasi cha kujaa kiganja. Tia mtungini pamoja na karafuu.

Sijui kama niliwahi kumsikiliza mama kwa makini namna ile. Nilikuwa nimerudi Tanga nikiamini mchanganyiko umeondoka na baba. Kumbe alikuwa ameugawa bila kukusudia. Mkewe alishika liwa na nazi, kijana wake alishika jua, na wazee wa kwenye kiti walishika harufu. Kila mmoja alidhani chake ni kidogo.

Mtungi ulikaa juani wiki kadhaa, na mimi niliomba ruhusa kazini, kisha nikaongeza ruhusa. Mafuta yalipochujwa kwa kitambaa safi yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Nikajipaka kwanza mwenyewe ndani ya kiwiko, nikasubiri hadi kesho yake nione kama ngozi italalamika. Haikulalamika.

Kitu kimoja nilikiongeza mimi, na nilimwomba mama ruhusa kabla ya kukifanya. Baba alikuwa kinyozi, mafuta yake hayakutoka kibandani. Mimi nilitaka mtu aende nayo nyumbani, na mafuta ya nazi kwa joto la Tanga ni maji matupu, yatamwagika mfukoni. Kwa hiyo niliyeyusha nta ya nyuki ya Handeni kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, fungu moja la nta kwa mafungu matano ya mafuta kwa uzito, nikamimina kwenye vikopo vidogo vya gramu 50. Yakiganda yanakuwa laini, kidole kinazama. (Vikopo vya Lushoto baadaye nililazimika kuvipunguzia nta. Mafuta ya nazi yenyewe huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kule milimani wakati wa kipupwe mteja aliniambia anachimba kwa kijiko.)

Ijumaa moja asubuhi tukampeleka yule mzee kwenye kiti. Kijana alimnyoa kama alivyofundishwa, kitambaa cha moto, wembe kuelekea chini, shabu. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Alipofungua kikopo na kusugua viganja, mzee akiwa bado amefumba macho akasema, "Huyu hapa." Kisha akamtaja baba kwa jina, na wazee wawili waliokuwa kwenye benchi wakanyamaza ubishi wao wakaitikia "Allah amrehemu."

Nililia, sitaficha. Lakini harufu haiponyi shingo, na nilijua hilo hata nikiwa nalia. Nilimpa kikopo bure, nikamwomba aiache kabisa ile krimu, asikune, na asinyoe tena mpaka vipele vitulie. Niliendelea kumpitia nyumbani kwake kumwangalia. Kwanza usaha ulikauka, halafu muwasho ukaondoka. Alama nyeusi hazikufutika, nami sikumwahidi kwamba zitafutika. Siwezi kusema ni mafuta peke yake yaliyofanya kazi. Kupumzishwa wembe na kuachana na ile krimu kulichangia pakubwa, na mpaka leo namwambia hivyo kila mteja anayeniuliza.

Aliporudi kibandani alikuja na wenzake, shingo ameiacha wazi kifungo kisifungwe. Walitaka kununua. Ikabidi niwaeleze kwamba vipodozi husajiliwa na TBS, shirika la viwango, kazi iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mpaka mwaka 2019, na kwamba kabla ya hapo nilitaka kwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kufundishwa usafi wa utengenezaji na namna ya kupima, kisha BRELA kuandikisha jina la biashara. Kwa hiyo kwa wakati ule mafuta yatakuwa ya kiti hiki tu, kama enzi za baba, na sitauza dukani. Nilidhani watakata tamaa.

Yule mzee akatoa noti ya elfu kumi akaiweka juu ya meza ya kijana, karibu na shabu.

"Sinunui," akasema. "Hiyo ya nazi. Ukimaliza karatasi zako utanihesabia vikopo vyangu."

Wenzake nao wakaingiza mikono mifukoni. Mwingine alitoa elfu mbili, mwingine akaahidi kuleta magharibi na akaleta. Huo ndio mtaji nilioanza nao. Nikaziandika zote kwenye daftari la shule, jina na kiasi, nikampigia simu mwajiri wangu Kariakoo kumshukuru na kumwambia atafute mtu mwingine wa stoo.

Mama nilimkuta uani. Nilimpa taarifa ya kila aliyetoa na alichosema, naye akanikatiza kabla sijamaliza.

"Nazi usinunue hapa sokoni. Agiza Pangani, za huko zina tui zito. Na uagize zilizokomaa, uzitikise moja moja, usimwachie mchukuzi akuchagulie."