Siku nne chini ya Porsche, na mjomba kwenye simu

Nimerudi jamani. Mikono bado inanuka oili ya giaboksi hata nioge na nini, Jumanne kazini watu walikuwa wanatazama kucha zangu halafu wanatazama pembeni kwa adabu.

Kwa mgeni hapa: nina Porsche 944 ya 1986, nyekundu, au tuseme ilikuwa nyekundu, sasa ni rangi ya nyanya iliyosahauliwa juani. Naishi Heilbronn, Ujerumani, na gari lenyewe lilitengenezwa Neckarsulm hapo jirani, kwenye kiwanda cha Audi, yaani gari lina miaka karibu arobaini na limerudi kuzeekea nyumbani kwao. Mimi ndo mgeni, wa Tanga.

Wiki mbili kabla ya Pasaka nimesimama kwenye taa, ikawaka kijani, namba moja, naachia klachi, nikasikia KOP chini halafu basi. Injini inaunguruma, gari halisogei hata kidole. Pedali iko sawa, gia zinaingia, ila hamna kitu kinachofika kwenye magurudumu. Nyuma yangu honi, unajua tena Wajerumani na taa.

Ugonjwa wenyewe ni maarufu kwa haya magari. Klachi pleti ya asili katikati yake kuna raba nene inayounganisha pleti na kile kitovu kinachokaa kwenye shafti, waliiweka imeze kelele za giaboksi, na kwa miaka yake ilikuwa akili sana. Ila raba ni raba. Siku moja inachanika na unabaki na injini nzima na giaboksi nzima ambazo hazijuani.

Gereji niliyoipigia waliniambia bei ya kazi tu, spea bado, nikawashukuru nikakata simu. Sio wezi, ukijua linavyofunguliwa utawaelewa. Injini iko mbele, giaboksi iko nyuma kati ya magurudumu ili uzito ugawanyike karibu nusu kwa nusu, na kati yao kuna bomba refu lenye shafti nyembamba ndani. Klachi ipo mbele kwenye injini. Kwa hiyo ili ufike kwenye hiyo raba unatoa ekzosi, unafungua shafti za magurudumu, unatoa linki ya gia, unashusha giaboksi nzima, unarudisha bomba nyuma, unafungua stata na hauzingi ya klachi, yaani kava lake, ndo uanze kazi uliyojia.

Rafiki yangu ana ghala la trekta kijijini akanipa na jeki stendi na jeki ya giaboksi, nikaingia Ijumaa Kuu asubuhi na chai ya tangawizi kwenye chupa. Lifti hamna, mgongoni kwenye maboksi siku nzima.

Saa nne usiku nimekwama. Uma wa klachi, ule unaosukuma klachi iachie, unakaa kwenye kishafti kinachopita kwenye hauzingi, na kile kishafti kimeshika kutu kama kimezaliwa pale, nimepiga, nimepulizia mafuta ya kutu, nimetukana. Nikampigia mjomba video, Tanga saa tano usiku, najua halali mapema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Uko ndani ya tanuru?"

Mjomba ni fundi malori, gereji barabara ya 12, Ngamiani. Utoto wangu wa likizo umeishia pale na kazi yangu ilikuwa moja tu, kushika tochi. Spana sikupewa. "Mwanga huku! Unamulika sikio langu?" Nilikuwa naona nadhulumiwa, na nadhani nusu ya sababu ya kununua hili gari ni kwamba lingekuwa langu na spana zangu, anishikie tochi mtu mwingine.

"Giaboksi iko wapi?" akauliza.

"Iko nyuma mjomba."

"Nyuma wapi?"

Nikamzungusha simu akaona. Kimya kirefu. "Hawa watu walikuwa na muda," akasema. Halafu akaniambia nisogeze tochi kwenye ncha ya kishafti. "Hapo ndani hamna uzi? Tia bolti, vuta, usipige." Kulikuwa na uzi kweli. Dakika kumi kikatoka, na mimi nimekipiga nyundo tangu magharibi.

Raba ilivyotoka ilikuwa kama kandambili iliyokaa juu ya bati miaka mitano, nikiibonyeza inamegeka vipande vyeusi kiganjani. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa juu yake, ilikuwa na madoa ya bluu ya joto ila nyufa hamna, nikaipitishia msasa nikaisafisha mpaka inang'aa. Nilishaipiga alama ya rangi kabla ya kuitoa ili irudi vilevile, hilo nalijua. Nyuma yake oili sili ilikuwa imeanza kuvujisha, nikabadilisha. Jumamosi nikakimbilia bolti mpya za flaiwili kabla duka halijafunga, maana hapa Jumapili na Jumatatu ya Pasaka hupati hata nati. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, 90 Nm, moja moja, kwa msalaba. Hiyo sauti ya "tak" ikifika ni tamu bwana.

Pleti mpya ni ya springi, raba sirudii tena.

Jumatatu jioni gari liko chini, naendesha stata: inazunguka vizuri, haiwaki. Tena. Haiwaki. Nilitaka kulia.

Mjomba akaniuliza mshale wa rpm, ule wa mizunguko ya injini, unatikisika nikipiga stata? Nikatazama, umelala kabisa. Flaiwili ya hili gari inasomwa na sensa mbili, moja inahesabu meno ya pembeni, yako 132, nyingine inatafuta kipini kimoja tu ili kompyuta ijue pistoni ziko wapi. Zinakaa milimita 0.8 kutoka kwenye flaiwili, nilipima, niliringa kabisa. "Na hizo plagi za nyaya za sensa mbili, umezijuaje ipi ni ipi?" mjomba akauliza.

Zinafanana kama mapacha. Nilizibandika tepu. Tepu ilidondoka Ijumaa, kwenye oili.

"Mulika," akasema. Nikamulika. Miaka thelathini baadaye na bado nimeshika tochi.

Nikabadilishana plagi, likawaka mara ya kwanza. Nikasogeza simu kwenye boneti asikie, akasikiliza kidogo.

"Mbona kuna kitu kinagongagonga?"

Nikamwambia ni giaboksi, springi hazimezi kelele kama raba.

"Kanyaga klachi."

Nikakanyaga, ikanyamaza.

"Achia."

Ikarudi.

"Haya, nzima hiyo. Kanawe mikono mjomba, na uniwekee hiyo raba, Desemba uje nayo nataka kuiona."