Alexander alivuka bahari na deni

Nimefanya kazi miaka mingi upande wa mikopo kwenye SACCOS, kwa hiyo nikisoma habari za wafalme wa kale huwa naruka mapigano na kutafuta nani alilipa. Alexander wa Makedonia ndiye ninayempenda zaidi, maana hesabu zake ni vituko.

Alipovuka kuingia Asia mwaka 334 KK alikuwa hoi. Arrian, mwanahistoria wa kale, anamnukuu akiwaambia askari kwamba baba yake, Philip, alimwachia talanta zisizofika 60 na deni la 500, naye akakopa 800 nyingine. Talanta moja ni kama kilo 26 za madini ya fedha. Na Philip hakuwa maskini! Migodi ya mlima Pangaion ilimwingizia zaidi ya talanta 1,000 kwa mwaka, zikaishia kwenye jeshi na kuwahonga wanasiasa wa Ugiriki. Sasa mwombaji kama huyu akija dirishani kwangu, dhamana yake ni nini? Nchi za watu ambazo hajaziteka bado.

Kabla ya hapo, mwaka 335 KK, aliibomoa Thebe, mji wa Ugiriki, na kuuza watu zaidi ya 30,000 utumwani. Zikapatikana talanta 440. Talanta moja ni drakma 6,000, sarafu za fedha za Ugiriki; ukigawanya, haifiki hata drakma 90 kwa mtu mmoja, yaani ujira wa miezi mitatu hivi wa askari. Wasifiaji wake hapo hupita mbio.

Ukata ulimwisha alipofika Susa, kisha Persepolis, miji ya wafalme wa Uajemi; huko Persepolis mwanahistoria Diodorus anataja hazina yenye thamani ya talanta 120,000 na ngamia 3,000 wa kuibeba, mbali na nyumbu. Ungedhani shida zimekwisha. Lakini mwaka 324 KK, huko Susa, askari wale wale waliopora nusu ya dunia walikuwa wamezama kwenye madeni. Alexander akatangaza atawalipia, waje kujiandikisha. Wakagoma kuja, wakihofu anatafuta majina ya wabadhirifu. Hofu hiyo naijua, naiona kila tukianza uhakiki wa wadaiwa. Ikabidi meza za pesa ziwekwe kambini: onyesha hati ya deni, chukua chako, jina haliandikwi. Arrian anasema zilitoka talanta 20,000.

Kinachonikera ni Harpalus, mtunza hazina. Huyu aliwahi kutoroka mwaka 333 KK, akasamehewa, akarudishiwa kazi. Tena kazi ile ile! Mwaka 324 KK akatoroka mara ya pili na talanta 5,000 pamoja na askari wa kukodiwa 6,000, akakimbilia Athens. Huko alitamka kuwa amebaki na talanta 700, zikafungiwa Akropoli, ngome ya mlimani mjini humo. Zilipokuja kuhesabiwa zilikuwa 350, na Demosthenes, msemaji hodari kuliko wote mjini, akapatikana na hatia ya kula hongo ya pesa hizo, akapigwa faini ya talanta 50.