Modi ya karafuu: madokezo ya mchezaji mgeni

Safari hii mti na majani sikuvigusa, kazi yote imekwenda kwenye madokezo, yale maelezo mafupi yanayomwonyesha mchezaji la kufanya. Kwa anayeingia leo: hii ni modi (nyongeza) ya Luanti, lile gemu lililoitwa Minetest hadi 2024. Mchezaji anachuma karafuu, anachambua makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu), anaanika jamvini, anauza. Naiandika kwa lugha ya programu ya Lua hapa Wete, Pemba, na wanaoijaribu ni watoto wa kaka yangu na vijana wa mtaani.

Tabu ni kwamba wachezaji hawa wanaijua karafuu kuliko gemu. Mtoto wa Pemba humwelezi kwamba ua likishafunguka limeharibika. Asichokijua ni kwamba I hufungua mkoba na kwamba kitu huwekwa kwa kubofya kulia. Basi kile kitabu cha ndani ya gemu nimekikata. Sura za "karafuu ni nini" zimetoka zote. Wageni wa karafuu nimewaachia ukurasa mmoja mwishoni, unawatosha.

Mmoja wa watoto alifika jamvini akabonyeza Q, kitufe cha kudondosha kitu. Karafuu zikadondoka, zikawa zinazunguka tu juu ya jamvi.

"Ami, nshamwaga, mbona hazianikiki?"

Ana haki. Karafuu humwagwa kisha zikatandazwa, nani anaziweka kwa kubofya? Dokezo la hapo lilikuwa tayari: shika karafuu, elekea jamvi, bofya kulia. Nimelifuta. Sasa on_drop ya karafuu (msimbo unaoendeshwa zikidondoshwa) inatafuta jamvi la karibu kwa core.find_node_near, likiwapo, zinatandazika zenyewe na muda wa kukauka unaanza. Nikiweza kuirekebisha modi ifuate mkono wa mchezaji, sioni kwa nini nimwandikie maelezo.

Madokezo yaliyosalia hayamrundikii mtu anapoingia. Kila moja linangoja tendo lake: la makonyo hutokea unapochuma mara ya kwanza, likakaa sekunde 6 sehemu ya chini ya skrini kwa hud_add (amri ya kuweka maandishi kwenye skrini), likaondoka. Meta ya mchezaji (kumbukumbu zake ndani ya gemu) inaweka alama lisirudi tena. Kwenye gumzo sikuyaweka, maana wakiingia watu watatu salamu zinayafukia.

Kukauka nako kumenifikirisha. Siku ya Luanti, kwa mwendo wake wa kawaida, ni dakika 20. Nikisema karafuu ikae juani siku nne, mtoto angoje dakika 80! Nimeweka siku moja, na jamvi linageuka rangi kidogo kidogo kutoka kijani chenye wekundu hadi hudhurungi. Hapo halihitajiki neno.

Bado simu. Wengi huku wanacheza kwenye Android, na ukimwambia mtu wa simu "bofya kulia" atakutazama tu. Tangu toleo 5.9, core.get_player_window_information inaonyesha kama touch_controls (vidhibiti vya kugusa skrini) imewashwa, kwa hiyo kila dokezo litakuwa na maandishi ya aina mbili. Baada ya hapo ni mvua, kwa sababu vijana wameshaanza kuuliza wataanua vipi.