Siku moja kwenye chumba cha daktari wa ngozi

Saa 2 asubuhi. Chunusi, fangasi, ukurutu. Hawa wanaingia na kutoka.

Saa 3:30. Mzee mmoja anataka dawa ya weusi wa shingo na makwapa. Nagusa: ngozi imekuwa nene, laini kama mahameli. Mara nyingi weusi huu huandamana na unene au kisukari, tena huja taratibu. Huyu amekonda, na yote yameanza miezi michache tu iliyopita. Namwomba afungue viganja. Navyo vimenenepa, mistari imezama.

"Mzee, siku hizi unashiba mapema?"

"Daktari, mimi nimekuja kwa ajili ya shingo."

Shingo hiyohiyo ndiyo inayonifanya nimwandikie kipimo cha kamera ya tumbo. Saratani ya tumbo huweza kujitokeza hivi.

Saa 5. Mama ana kinundu kitovuni, amekuwa akikisafisha kwa spiriti. Ni kigumu, na nikikibonyeza hakirudi ndani. Kinundu cha namna hii kimepewa jina la mtawa, Sista Mary Joseph, msaidizi wa daktari wa upasuaji William Mayo huko Minnesota, Marekani. Anasifiwa kwa kuona kwamba wagonjwa wenye kinundu hicho walikuwa na saratani iliyokwisha kusambaa tumboni. Mayo aliandika habari zake mwaka 1928. Jina la sista likawekwa 1949, yeye akiwa amefariki tangu 1939. Chanzo huweza kuwa tumbo, utumbo mpana au kongosho. Kwa wanawake, mara nyingi ovari. Nachukua kinyama, kisha namtuma ultrasaundi ya tumbo na nyonga leo hii.

Saa 7. Chai, simu mbili.

Saa 8. Dada mwenye kope za rangi ya zambarau na vipele juu ya vifundo vya vidole. "Hata kuchana nywele mikono inakataa," anasema. Ni ugonjwa wa kinga unaoshika misuli na ngozi. Wengi wenye nao hawana saratani, ila kwa mtu mzima ni lazima itafutwe, ovari zikiwemo.

Saa 9. Babu ameota vinundu vya kahawia mgongoni, na mjukuu amesoma kuwa ni dalili ya saratani. Vikifumuka vingi kwa ghafla, vikiwasha, nachunguza. Vya babu ni vya miaka mingi. Dalili hii siiamini sana: vinundu hivi na saratani, vyote huongezeka uzeeni, hivyo kukutana si ajabu.

Saa 10. Barua ya mama wa kitovu nimeiandika "haraka". Hata hivyo napiga simu mwenyewe, maana barua hulala mezani.