Taa ya oili iliyokuwa inazimika kila nikipumzisha gari

Ilianza Chalinze, njia panda, saa saba mchana, nimesimama nyuma ya lori la saruji. Taa nyekundu yenye picha ya kibirika ikapepesa mara mbili, kisha ikawaka moja kwa moja. Nikazima injini hapohapo. Kwa mwezi mzima uliofuata, hilo ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa.

Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili ipo, katikati ya alama mbili, wala haijawa nyeusi. Nikaagiza chai, nikakaa kama nusu saa. Nilipowasha, taa ilizimika kama kawaida na nikafika Morogoro bila kuiona tena. Nikajiambia ni waya tu.

Ushauri haukukosekana. Jirani yangu, dereva wa daladala, akasema niweke 20W-50, oili nzito. Nikaweka. Mchana taa ikaacha kuwaka, lakini asubuhi, injini ikiwa ya baridi, ikawa inachelewa kuzimika, sekunde tano, hata sita. Hilo halikuwepo mwanzo, na mimi sikulitilia maanani. Wiki haikuisha, taa ya mchana nayo ikarudi. Fundi wa kwanza akabadilisha swichi ya oili, elfu kumi na tano, taa ikawaka vilevile. Wa pili hakushika hata spana. Alisikiliza injini kidogo, akatikisa kichwa: "Bosi, beringi za krenki zimekwisha hizo. Tafuta injini ya mtumba." Tena mtu wa injini alikuwa naye, namba ya simu tayari mkononi.

Kilichonizuia kutoa hela ni ile chai ya Chalinze. Beringi ni vile vipande vya chuma ambavyo krenki, shafti kuu ya injini, inazungukia ndani yake; iliyolika inaponaje kwa kupumzika nusu saa? Na haikuwa mara moja. Baada ya safari ile, kila taa ilipowaka, nikizima na kusubiri, gari ilikwenda vizuri kilomita kumi, kumi na tano, ndipo ikaanza tena.

Nikampelekea mzee mmoja ambaye kazi yake hasa ni matrekta na pampu za maji. Nilimfuata kwa sababu ana geji ya presha ya kufunga kwenye injini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepima?"

Nikamwambia nimebadilisha swichi. Akacheka. Swichi nyingi, alisema, huwasha taa presha ikishuka chini ya psi (kipimo cha presha) 4 hadi 7 hivi; kwa hiyo taa inapowaka, injini tayari inakaribia kukosa oili kabisa, na taa isipowaka hujui kama una 8 au 40. Akaifungua swichi yangu mpya, akafunga geji kwenye tundu lake, tukawasha.

Injini baridi: psi 55. Tukaiacha ipate moto, feni ikazunguka mara mbili. Kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mshale ukasimama 11. Akaniambia nipige resi hadi mizunguko 3,000 kwa dakika na nishikilie hapo. Mshale ukapanda hadi 35, nikaanza kufurahi, halafu mbele ya macho yetu ukaanza kushuka taratibu: 30, 24, 16. Tapeti, vyuma vidogo vya juu ya injini, zikaanza kugonga. "Achia! Zima!"

Kanuni ya mafundi wa zamani ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, na beringi zikilika presha huwa ndogo kwenye sailensi ila ukipiga resi inapanda na kubaki juu. Yangu ilikuwa inapanda halafu inaanguka. "Umewahi kunywa dafu kwa mrija, nyama ikaingia mrijani?" mzee akaniuliza. "Ukivuta kwa nguvu ndiyo inaziba zaidi. Ukiacha, inadondoka." Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imewahi kufunguliwa karibuni?

Ilikuwa imefunguliwa wiki tatu kabla ya Chalinze, kwa sababu ilikuwa inavuja.

Tukamwaga oili, tukaweka gari juu ya stendi, tukashusha sampo. Chujio la bomba la kuvutia oili, lile lenye wavu kama chekecheke ya chai, lilikuwa limefunikwa robo tatu na nyuzi za kijivu, laini, kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Silikoni, gundi ya kuzibia maungio. Aliyefunga sampo alikuwa ameipaka nene, na ilipobanwa, nusu ikajiminyia ndani, ikakatika, ikaanza kuogelea. Injini ikizimwa nyuzi zinaachia wavu na kuzama. Ikivuta tena zinarudi. Na ile oili nzito niliyoweka ilikuwa inazidi kushindwa kupita asubuhi.

Mzee hakuridhika. Alifungua kofia ya konrodi moja, mkono unaounganisha pistoni na krenki, akaniwekea beringi kiganjani: rangi ya fedha iliyofifia, hakuna shaba iliyojitokeza, mikwaruzo midogo tu. Ile "injini ya mtumba" ikafia hapo.

Chujio tulilitoa, tukaliosha kwa petroli na kulipuliza kwa upepo, tukalirudisha na gasketi mpya, maana bomba hilo likivuta hewa kwenye maungio utarudi palepale. Sampo ikakwanguliwa mpaka chuma kikawa kikavu. Safari hii silikoni ilikuwa mstari mwembamba wa milimita tatu, ukapita upande wa ndani wa matundu ya bolti, na gari ikalala bila oili hadi kesho yake ili ikauke. Filta mpya tukaijaza oili kwanza, tukachomoa soketi za koili ili injini isiwake, tukazungusha kwa stata hadi geji ikaonyesha presha, ndipo tukawasha.

Oili 10W-30, nyepesi kuliko ile nzito, injini ya moto: 14 kwenye sailensi, 46 kwenye 3,000. Nilishikilia resi dakika nzima. Mshale haukutikisika.

Baada ya kilomita 500 nilibadilisha filta nikaipasua kwa msumeno. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya silikoni, kila kimoja kama punje ya mchele. Kava ya tapeti nayo inatoa jasho la oili siku hizi. Kijana wa gereji ya karibu amejitolea kuipaka silikoni bure. Nimemwambia asubiri.